Faili la Shamba

Mimi ndiye ninayeandika wasifu wa marehemu. Ukifa kijijini Wema, ukifa Kulesa, hata ukifa Golbanti nilikozaliwa, huenda siku mbili tatu kabla ya mazishi jamaa yako akafika mlangoni kwangu hapa Garsen, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kunisimulia maisha yako huku mimi nikichapa. Nitamuuliza ulizaliwa wapi, ulisoma mpaka darasa la ngapi, ulibatizwa na nani, umeacha wajukuu wangapi. Nitapunguza chumvi kidogo. Kila marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu, ndivyo wanavyosema wote, na wengi wao nimewajua wakiwa hai, wala hawakuwa wacheshi hata chembe. Lakini naandika.

Nilikuwa karani wa shule maisha yangu yote ya kazi. Watu huniita mwalimu, na sijawahi kufundisha hata kipindi kimoja. Zamani nilikuwa nikiwasahihisha, siku hizi nimechoka. Nilipostaafu nilijinunulia kompyuta ndogo ya kubeba, na sikuinunua kwa ajili ya marehemu. Marehemu walikuja wenyewe baadaye. Niliinunua kwa sababu ya maji.

Wakati huo tulikuwa tunaishi chini, karibu na mto. Mafuriko yaliingia nyumbani mchana, tukiwa tunakula, na kabla sahani hazijatoka mezani sanduku la karatasi lilikuwa tayari linaelea. Vyeti vyangu, vyeti vya watoto, kadi za kliniki, picha ya harusi yetu, vyote viligeuka uji. Mke wangu alianika ile picha juani siku tatu. Ikabaki nusu ya gauni lake na kiatu changu kimoja. Tukahamia Garsen, mahali palipoinuka, na nikaapa kwamba sitaweka tena kitu cha maana kwenye karatasi.

Basi kila kitu nilikitia kwenye kompyuta. Nakala ya pili niliitia kwenye flashi, flashi nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikautumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo nikalipandisha juu ya boriti, karibu kabisa na mabati. Mke wangu alinitazama nikiwa juu ya ngazi, akaniuliza, maji yakifika hapo juu, sisi wenyewe tutakuwa wapi. Nikashuka ngazi. Nilikuwa nimejiridhisha kwamba habari ya maji nimeimaliza.

Mke wangu alikuwa na shamba. Nasema alikuwa nalo yeye, si sisi. Baba yake hakupata mtoto wa kiume, na kabla ya kufa aliwaachia mabinti zake wawili kipande chake cha Kulesa, ng'ambo ya mto. Ni kipande chembamba kinachoanzia ukingoni na kwenda ndani mpaka vichakani, na kando yake kuna vipande vya watu wengine, vimelala sambamba kama mikeka iliyotandikwa chumba kimoja. Hakuna ua wala mawe ya mpaka. Mpaka ni mwembe fulani, ni kichuguu, ni mahali fulani ambapo ardhi inabonyea kidogo. Maji yakipita yanabeba alama, na mto wenyewe huhama, unakula ukingo huu na kuujaza ule. Baadaye watu hukutana shambani, na anayekumbuka vizuri ndiye anayesikilizwa. Mke wangu alikuwa anakumbuka. Waliwahi kumwita hata kwenye magomvi yasiyomhusu.

Mimi shamba sikulijua. Jua hunipa maumivu ya kichwa, na mtumbwi sijawahi kuuamini. Alikuwa akienda na mdogo wake, anarudi jioni na tope mpaka magotini, anakaa kizingitini kuosha miguu huku akinieleza nani amepanda nini na kiboko gani amekanyaga mahindi ya nani. Mimi nilikuwa ndani, nasikiliza kwa sikio moja.

Alipopata ule ugonjwa, ambao daktari alitutajia jina lake na sisi tukalisahau makusudi, siku moja asubuhi aliniambia, "Twende ng'ambo nikuonyeshe shamba. Nisije nikaondoka na mipaka kichwani."

Nikamwambia, "Utachoka bure. Niambie tu, nitaandika."

Wiki iliyofuata alisema tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakusema twende. Alivuta kiti chake karibu na meza yangu, akafunga leso vizuri, akasema, "Haya, karani. Andika."

Nilifurahi. Niliona nimemshinda kwa hoja.

Tuliandika asubuhi nyingi, kila mara kidogo, kwa sababu alikuwa anachoka upesi. Faili nililipa jina Shamba. Yeye alisema Kipokomo, lugha yetu ya mtoni, na mimi niliandika Kiswahili changu cha ofisini, na mara nyingine alichungulia kwenye kioo akasema, "Hayo siyo niliyosema." Nikamwambia ndiyo maana yake. Akaendelea. Alianzia mtoni akaenda ndani, mti kwa mti, na katikati alikuwa akichepuka. Angetaja mwembe, kisha akaeleza aliyeupanda, kisha namna huyo aliyeupanda alivyokuwa akiogopa kinyonga, kisha akacheka mpaka akaanza kukohoa. Nilichapa vyote. Kwa kuchapa mimi ni hodari, hilo sifichi. Vidole vyangu vilikuwa vinakwenda vyenyewe, na kichwa changu kilikuwa kinaangalia kama nukta na mkato vimekaa mahali pake.

Alifariki kabla ya mvua. Wasifu wake niliuandika mwenyewe, na sikuandika kwamba alikuwa mcheshi, ingawa yeye peke yake ndiye aliyekuwa mcheshi kweli.

Baada ya arobaini watoto walirudi Mombasa na Nairobi. Nyumba ikawa kubwa. Nilikuwa nachemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, nakunywa yote, halafu nakaa na tumbo limejaa maji. Ilikuwa asubuhi moja ya namna hiyo nilipofungua faili la Shamba, nikalisoma tangu juu mpaka chini, na pale chini, bila kufikiri sana, nikaandika: Nimesoma. Leo mvua imenyesha kidogo.

Kesho yake nikaandika tena. Nikawa nasoma fungu moja la maneno yake, kisha nashuka mwisho wa faili namjibu. Nilimwuliza maswali. Nilimsimulia habari za mtaa. Nilimlaumu, maana kuna siku nilikuwa na hasira naye kwa kuniacha, na hasira hiyo sikuwa na pa kuipeleka. Najua ni upuuzi, mtu mzima kumwandikia aliyelala chini ya udongo. Lakini ilikuwa ndiyo shughuli yangu ya asubuhi, na mtu asipokuwa na shughuli ya asubuhi siku nzima inakuwa ndefu kupita kiasi. Kila Jumamosi nilipanda ngazi, nikashusha kopo, nikanakili faili kwenye flashi, nikalirudisha kopo juu.

Mwaka jana maji yalikuja tena. Garsen tulibaki wakavu, lakini Kulesa yalifunika mashamba yote. Niliketi karibu na kompyuta yangu nikasema moyoni, mbebe mtakachobeba, mipaka yote ninayo hapa.

Maji hayo yalipoanza kushuka, mtu mmoja alikuja kutoka Wema asubuhi, amefiwa na mama yake siku mbili zilizopita. Flashi yenye picha ya marehemu alikuwa ameifunga kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa imepita kwa mpiga picha, ikapita ofisi ya kanisa, ikapita kwa mpwa wake aliyeko chuoni, ikapita duka moja la kuchapisha ambako mashine iliharibika kazi haijaisha, na sasa imefika kwangu. Aliniwekea mkononi kwa mikono miwili, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Nilipoichomeka, kioo kilitoa kisanduku chekundu. Kilisema kuna hatari kwenye flashi hii, usiifungue, iondoe kwanza. Nimewahi kukiona kisanduku hicho mara moja au mbili na kila mara nilikitii. Lakini siku hiyo yule mtu alikuwa ameketi ubavuni kwangu kabisa, machozi yanamtoka bila sauti, anangoja kumwona mama yake.

"Mwalimu, hiyo nyekundu ni nini?" akaniuliza.

Ningemwambia nini? Kwamba mama yake ana ugonjwa? Kwamba aketi nje kwanza nimkague marehemu? Sisi mtu akituletea picha ya msiba hatuipimi, tunaipokea. Nikamwambia si kitu, nikakifunga kile kisanduku, nikafungua picha. Mama mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya mlango na kuku mkononi, ametabasamu. Tukaandika wasifu. Alikuwa mcheshi na mpenda watu.

Kesho yake nilichemsha chai, nikafungua Shamba, na ukurasa ukaja umejaa visanduku vidogo, alama za kuuliza na herufi za nchi nisizozijua. Nikalifunga nikalifungua. Nikazima mashine nikaiwasha. Visanduku vilevile. Nikafungua wasifu wa jana, umeharibika. Nikafungua wa mwezi uliopita, umeharibika. Marehemu wangu wote, wa Wema na Kulesa na Golbanti, walikuwa wamegeuka visanduku.

Nilifanya kitu ambacho mtu wa mto angekifanya usingizini. Maji yakiingia unakimbilia juu. Nilichukua ngazi, nikapanda, nikashusha kopo, nikatoa flashi nikaichomeka kwenye mashine ileile. Jina la faili nililiona. Nikalifungua, na lilikuwa zima. Nilisoma mstari wa kwanza: Kuanzia mtoni, mguu wako wa kulia ukiwa upande wa mkwaju. Nilipumua. Nilicheka kwa sauti peke yangu chumbani. Kisha nikalifunga ili nilinakili mahali salama, na nilipolifungua tena kulikuwa na visanduku.

Kwa dakika moja hivi nilikuwa nalo. Hiyo dakika inaniuma kuliko kitu chochote kingine katika habari hii yote.

Hapa Garsen kuna mwanamke anayetengeneza kompyuta na simu, dukani kwake kandokando ya barabara kuu. Ni Morma, wa jamii ya wafugaji, baba yake na kaka zake wako nyikani na ng'ombe, yeye alipendelea nyaya. Nilimpelekea mashine na flashi nimezikumbatia kifuani. Alisikiliza, akawasha, akatikisa kichwa.

"Baba, nani aliingiza hii ingine? Hii flashi ya nyumbani?"

"Mimi."

"Ulikuwa umeona kama mashine iko na virusi?"

"Nilikuwa nimeona."

"Sasa mbona uliingiza?"

"Nilikuwa naokoa."

Aliniangalia kwa huruma, na huruma ya mtu mwenye umri wa binti yako ni kitu kizito. Akasema, "Baba, kwetu ng'ombe akigonjeka, hatumpeleki kwa wazima. Tunamtenga yeye, na wale wazima wanakaa mbali kabisa. Wewe umetoa mzima umeleta kwa mgonjwa."

Sisi watu wa mto tumefundishwa kukimbia na vitu, wao wamefundishwa kutenga, na siku hiyo nilihitaji elimu ya kwao. Akaniambia nimwachie siku nne, hana ahadi.

Siku nne hizo sizitamani tena. Nitasema wazi: nilikuwa mpweke kabla ya virusi, lakini upweke huo nilikuwa nimeuzoea, una kiti chake na kikombe chake. Sasa asubuhi nilikaa mbele ya meza tupu. Nilihisi kama nimemzika mara ya pili, na mara hii hakuna aliyekuja kunipa pole, kwa sababu nani angekuja kumpa mtu pole ya faili?

Binti yangu wa Nairobi alipiga simu. Nilimweleza, akanisikitikia, akasema ningeliweka mtandaoni. Nikamshukuru kwa ushauri huo uliochelewa. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kwani baba, mama alisema nini humo ndani? Niambie hata kidogo."

Nilifungua mdomo. Nikasema, kuanzia mtoni, mguu wa kulia ukiwa upande wa mkwaju. Nilitafuta mti wa pili na sikuupata. Nilikuwa nimelisoma faili lile zaidi ya mwaka mzima, kila asubuhi, na kichwani hakukuwa na kitu, kama kikapu kilichotoboka. Nilikuwa nimeandika ili nisihitaji kushika, na kweli sikushika. Binti yangu alisema, "Haya baba, pumzika," nikajua kwamba naye anasikitika kwa jambo lake mwenyewe, kwa sababu mama alikuwa wake pia.

Siku ya nne nilikwenda dukani. Yule mwanamke alikuwa ameondoa virusi mashine ikawa safi, na alikuwa amepata kitu. Alieleza kwamba virusi hivi hula faili kuanzia kichwani na kuacha mkia. Mafaili mafupi vimeyamaliza. Lile refu, mkia wake umepona. Alikuwa ameshanichapishia kwenye karatasi, kurasa sita, na nilizipokea karatasi hizo nikiwa na kiapo changu chote cha kutotumia karatasi.

Nilisoma nimesimama palepale kaunta. Yalikuwa maneno yangu.

Maneno yake yalikuwa juu, yangu yalikuwa chini. Yake yameliwa yote. Yamebaki majibu yangu mimi, kurasa sita za mtu anayejibu bila kusikika anayejibiwa, kama unaposikia jirani anazungumza kwenye simu. Sawa, nimekuelewa. Hapana, hapo umekosea, huyo alikufa kabla hatujaoana. Leo nimekula ugali na samaki, samaki ameungua. Kwa nini hukuniambia kwamba unaumwa tangu mwanzo? Umecheka tena na kinyonga wako. Mvua. Mvua. Leo hakuna mvua. Na katikati ya ukurasa wa nne: Kivuli changu? Mimi sina kivuli huko. Hapo nadhani dawa zilikuwa zinakuchanganya.

Sikukumbuka hilo lilikuwa linajibu nini.

"Imekusaidia kidogo?" yule mwanamke aliniuliza.

Nikamwambia imenisaidia sana. Alikuwa amejitahidi, na kosa halikuwa lake. Yule mtu wa Wema sikumwambia chochote, na sitamwambia. Picha ya mama yake ilitoka vizuri.

Haikupita wiki, shemeji yangu akapiga simu kutoka Kulesa. Huyu ndiye yule mdogo wa mke wangu, aliyekuwa akilima naye. Alisema maji yameacha tope jipya, ardhi imekuwa nzuri, watu wanataka kupanda, lakini alama hazipo na majirani wamekubaliana wakutane. "Shemeji, uje na ile karatasi yako ya kompyuta," akasema. "Wanasema kama ni maneno ya dada watayakubali bila kelele."

Nilipiga moyo konde nikaenda, na zile kurasa sita mfukoni, sijui kwa nini. Nilichukua pikipiki mpaka ukingoni, nikavuka na mtumbwi nimeshika kingo zake zote mbili, macho nimeyafumba. Shemeji alikuwa ananingoja ng'ambo, leso imefungwa kichwani, jembe begani. Sikuwa nimevuka tangu mazishi ya mke wangu, na shambani sikuwahi kukanyaga, nami nikaona nimwambie mara moja kabla majirani hawajafika.

Nikamwambia kwamba maneno ya dada yake yamepotea yote, na kwamba nimeyapoteza mwenyewe, mara mbili. Nilingoja anikaripie. Ningependa anikaripie.

Alishusha jembe. "Yale ya mipaka?" akauliza. "Hayo hayajapotea. Mimi ninayo. Alinipitisha humu mguu kwa mguu."

"Lini?"

"Wakati ule ule anaugua. Alikuja mara mbili. Ya mwisho tulikuwa tunasimama kila hatua kumi apumue."

Nikamwambia mbona sikujua. Akasema nilijua, dada yake aliniaga kwamba anakuja kwa mdogo wake, na mimi nilikuwa mezani nachapa nikasema nenda salama. Nikakumbuka. Hilo ndilo nililolikumbuka.

"Basi kama wewe ulikuwa unayajua," nikasema, "kwa nini alikuwa anakaa kuniandikisha?"

Shemeji si mtu wa maneno mengi, na aliyasema haya taratibu bila ubaya wowote. "Shemeji, dada hakuwa na shida ya mipaka. Mipaka alijua ninayo. Alikuwa anataka kutembea na wewe humu, japo mara moja. Ulipokataa, akasema basi nitakaa naye hata mezani."

Nililia. Sitaki kupamba. Nililia mbele ya shemeji yangu, mchana, na jua linanipiga utosini, na yeye akageukia upande wa mto akanipa nafasi.

Majirani walikuja, watano au sita, wakatusalimu. Shemeji akaanzia ukingoni, mguu wa kulia upande wa mkwaju, ambao maji yaliuacha. Nilitoa kalamu, nikageuza zile kurasa nyuma ili niandike. Akaniona.

"Weka hiyo. Tembea," akasema.

Nikaiweka. Tukaenda mti kwa mti. Alikuwa anasimama, anataja, majirani wanaitikia, mmoja anapiga kijiti chini ardhini, tunasonga. Tope lilinivua kiatu nikaviacha vyote viwili. Tulipofika kwenye mwembe wa aliyekuwa akiogopa kinyonga, kila mtu alicheka kabla shemeji hajamaliza kusimulia, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa nimeisoma habari ile mara mia, lakini sikuwa nimewahi kujua kwamba mwembe wenyewe umeinama, wala kwamba ukisimama chini yake unausikia mto.

Karibu na mwisho wa kipande kuna mwembe mwingine, mnene, umetanda kuliko yote. Majirani walipiga kijiti chao wakashukuru wakaondoka, kila mtu kwenda kwake. Mimi nilikuwa nimechoka hoi, kichwa kinagonga. Shemeji akanionyesha chini ya mti.

"Hapo ndipo pako," akasema.

"Pangu kivipi?"

"Dada aliweka kigogo hapo. Tulikiviringisha wawili, na yeye hana nguvu. Alisema wewe jua hulipendi, siku utakayokuja utakaa hapo kwenye kivuli chako umngoje amalize kupalilia. Kigogo maji yamekibeba. Lakini hapo ndipo."

Niligusa zile karatasi mfukoni. Sikuzitoa. Nilijua ukurasa wa nne unasema nini.

Chini palikuwa na tope lililokauka juu na bado bichi kidogo ndani. Nilikaa. Shemeji alichukua jembe akaingia kwenye mstari wa kwanza wa migomba, akaanza kupalilia mgongo umenielekea, na kwa nyuma, kwa leso ile na ule mwinamo, anafanana na dada yake. Nikamngoja amalize.